Pipa la Moshi Kati ya Mama na Mkwe Wake

Mume wangu alizaliwa Lugari, kwenye shamba lililokuwa la Mzungu kabla ya wazazi wake na wenzao kugawiwa vipande vya kulima mahindi. Nyuma ya nyumba kubwa ya yule Mzungu kulikuwa na kijumba cha matofali kisicho na dirisha, ambamo alikuwa akiangika mapaja ya nguruwe yakauke kwa moshi. Mzungu aliondoka, kijumba kikabaki, watu wakakifanya ghala. Lakini kuta zilikuwa zimekunywa moshi na mafuta kwa miaka mingi, na mume wangu aliniambia kwamba utotoni, akitumwa kuchota mahindi, alisimama humo gizani akivuta pumzi mpaka aitwe kwa ukali. Nyama yenyewe hakuwahi kuionja. Alijua harufu tu.

Nadhani ndiyo sababu, tulipohamia ploti ya kupanga pembeni mwa mji wa Kakamega, kitu cha kwanza alicholeta nyumbani, kabla hata ya kabati la vyombo, kilikuwa pipa la mafuta. Ilikuwa miaka ya tisini. Yeye alikuwa fundi wa bodi za magari katika gereji ya mjini, mimi nilifundisha watoto wa chekechea karibu na hospitali, na binti yetu wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Friji hatukuwa nayo. Mume wangu alisema nyama iliyokaushwa vizuri kwa moshi ingekaa juma zima bila kuharibika, na mimi sikuwa na sababu ya kumkatalia.

Alilichoma lile pipa kwa moto mkali mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Akakata mlango mdogo chini kwa patasi, wa kuingizia kuni, akatandika wavu wa nyaya juu kidogo ya katikati, na kulifunika kwa bati. Kwa kulitazama, lilikuwa pipa zuri. Majirani walikuja kuliona.

Lakini lilitushinda. Kila Jumamosi alinunua mbavu za ng'ombe au kipande cha nguruwe, akawasha moto, na kila Jumamosi mambo yalikwenda vilevile. Mafuta yalidondoka kwenye moto uliokuwa moja kwa moja chini ya nyama, miali ikapanda, naye akafunua bati aone kinachoendelea, na hewa iliyoingia ikauchochea moto zaidi. Akimwagia maji, moto ulikufa na majivu yakarukia nyama. Tulichotoa kilikuwa cheusi nje kama soli ya kiatu, na ndani, karibu na mfupa, damu bado mbichi. Mimi nilikikwangua kwa kisu na kukichemsha upya. Yeye alikula akitafuna kwa bidii kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa.

Tulikuwa katika hali hiyo mama yangu alipokuja.

Mama aliishi Mayoni, kwenye mashamba ya miwa, na kaka yangu na familia yake. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama alikuwa amegundua uvimbe kwenye titi, akakaa nao kimya kwa muda ambao hakutaka kuutaja, na mwishowe mke wa kaka alipouona akamlazimisha aende zahanati. Kule wakamwambia aende hospitali kubwa Kakamega. Alifika kwetu na mfuko mmoja wa nguo na kuku wawili waliofungwa miguu, akasimama nje ya lango, akakataa kuingia.

Kwetu mama mkwe hapeani mkono na mkwe wake wa kiume. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, na wenyewe hawaioni kuwa mzigo. Ila kulala chini ya paa la mkwe ni jambo zito sana, na mama alikuwa mtu wa kufuata mambo. Nilimsihi pale langoni, mtoto akilia mgongoni kwangu. Mume wangu, aliyekuwa amejificha chumbani tangu alipoisikia sauti yake, alinong'ona dirishani kwamba nimkumbushe mama kuwa nyumba hii si ya mkwe wake, ni ya mwenye ploti.

Nilipomwambia mama hivyo alifikiri kidogo. Akauliza kama na lile jiko la nje, chumba kile cha mabati kule nyuma, nalo ni la mwenye ploti. Nikasema ndiyo. Akaokota mfuko wake akaenda moja kwa moja huko. Tukahamisha kuni na masufuria, nikamwekea kitanda, na mimi nikaanza kupikia jiko la mkaa barazani.

Hospitalini walikata kipande kidogo cha ule uvimbe, wakaeleza kwamba kitapelekwa Nairobi kupimwa, na kwamba majibu yatachukua muda. Nilikuwa natoka shuleni saa za mchana, kwa hiyo waliniambia niwe napita kuuliza. Nikaanza kupita, na kila nilipopita karani alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Mama hakulalamika. Aliosha kidonda chake, alimbeba mjukuu, alipalilia mboga zangu hata zisizohitaji kupaliliwa. Lakini chakula alikirudisha karibu kama kilivyokwenda, na maneno yalimpungukia. Mume wangu alikuwa akimpenda sana mama, sijui kama nimelieleza hilo, na desturi haikumruhusu hata kumuuliza amelalaje. Kila asubuhi aliniuliza mimi, barazani, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, kukhu ameamkaje. Kukhu, yaani bibi wa mtoto. Na mama, akiwa hatua chache tu kutoka hapo nyuma ya ukuta wa bati, alinyamaza akisikiliza. Kisha nilikwenda kumuuliza mama, akanijibu, nami nikarudi kuleta jibu ambalo mume wangu alikuwa ameshalisikia.

Jumamosi ya kwanza ya kungoja kule, mume wangu aliwasha pipa kama kawaida. Nadhani alitaka tu mahali pa kuweka mikono. Moto ukapanda, bati likafunuliwa, moshi ukatanda uani. Nikasikia mama akiniita kutoka jikoni.

"Huyo anachoma," akasema. "Kukausha ni kitu ingine. Sisi tulikuwa tunaangikanga nyama juu, karibu na paa. Moto uko kule chini, wa kupikia. Moshi ukifika juu umeshapoa. Mwambie moto na nyama wasionane."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema juma lote. Nilimpelekea mume wangu. Alikuwa amekwisha kuyasikia, bila shaka, lakini alinisubiri nimalize, akakuna kidevu, akasema nimwambie kukhu kwamba pipa halina urefu wa nyumba. Ukilipandisha wavu juu bado miali itafika. Nikarudi. Mama akasema, basi moto na utoke nje ya pipa.

Ndivyo ilivyoanza. Mume wangu alichimba shimo la moto pembeni, akachimba mtaro kutoka hapo hadi chini ya pipa, akaufunika kwa mawe bapa na vipande vya bati, na juu yake udongo. Mlango wa zamani aliuziba. Sasa moto ungekaa shimoni, na moshi ungesafiri chini ya ardhi ukipoa kabla ya kufika kwenye nyama. Kwa bidii yake aliufanya mtaro mrefu mno, ukakatiza ua wote hadi karibu na choo, na tulipowasha, pipa likabaki baridi kama mtungi wa maji. Moshi wenyewe, ukikosa pa kutokea, uligeuka ukarudi kupitia shimoni na kumfukuza mama jikoni akikohoa.

Tuliogopa. Mume wangu aliacha koleo akaja mbio, kisha akakumbuka, akasimama katikati ya ua na kugeuka upande mwingine. Mama alifuta macho kwa leso. Akaniambia nimwambie kwamba pipa limepewa mdomo likanyimwa pua.

Pua alileta kutoka gerejini jioni ya Jumatatu: bomba refu kutoka kwenye lori lililokatwakatwa kuuzwa vyuma. Alitoboa bati la kifuniko, akalichomelea bomba hapo, na juu yake akaweka kikombe cha chuma cha kuzuia mvua, kwa maana Kakamega mvua ya alasiri haimsahau mtu. Mtaro aliufupisha ukawa kama urefu wake akilala. Kwenye mdomo wa shimo la moto aliweka sahani ya chuma inayoteleza kati ya reli mbili, uweze kufungua hewa kidogo au nyingi upendavyo. Mama aliona hayo yote kupitia mwanya wa mlango wa jiko. Kila kitu kilipowekwa aliniita anieleze kilivyo, kana kwamba mimi sikuwa nimesimama pale.

Kosa lililofuata lilikuwa la mama. Alisema joto linapotea juu, tufunike pipa lote kwa magunia yaliyoloweshwa, kama watu wanavyofunika ndizi za kuivisha. Mume wangu hakuamini, niliona usoni, lakini mama mkwe habishiwi. Tukafunika. Magunia yakaangukia pua, hewa ikakosa njia, moto ukafa, na tulipofunua tukakuta kuku mzima, mmoja wa wale wawili waliotoka Mayoni, ametota mvuke na masizi, mchungu kama dawa ya malaria. Mama alionja, akatema. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike. Alikuwa anacheka. Alicheka peke yake kule jikoni, na nyuma ya pipa mume wangu naye akaanza, ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Nilisimama katikati yao na sufuria mkononi, sina wa kumpelekea ujumbe.

Kuanzia hapo walikuwa na jambo la kuulizana. Mume wangu alirudi kutoka kazini, akanawa, akaniambia nimuulize kukhu kuhusu kuni. Mama alikuwa na maneno juu ya kuni: msonobari unaacha uchungu, mti wa mpera ni mzuri, na ukitaka harufu tamu tia mabua makavu ya miwa mwishoni. Mume wangu alikuwa na maneno juu ya chuma. Alitoboa sahani pana matundu mengi akailaza chini ya wavu ili joto lisipige upande mmoja, na juu yake akaweka karai kuukuu la mchanga, mafuta yadondokee humo badala ya kufuata mtaro. Mchanga ukishapata moto, alieleza, unashika joto hata kuni zikipungua. Mama aliposikia hilo alisema ni akili, akanituma nikamwambie ni akili. Yeye alinifundisha kupima: dondosha tone la maji kwenye kifuniko. Likirukaruka, moto ni mkali, funga mdomo. Likilala na kukauka polepole bila kelele, acha hivyo hivyo.

Tulijifunza pia, baada ya kuku wa pili kuharibika nusu, kwamba pua haifungwi. Tukidhani tunahifadhi joto, tuliibana, na moshi uliochacha ndani ukaipaka nyama masizi. Pua iwe wazi wakati wote; anayetawala ni mdomo.

Wakati huo wote nilikuwa bado napita hospitalini. Mama mmoja niliyekuwa nikikutana naye kwenye benchi, akingoja kama mimi, siku moja hakuwepo, na sikuthubutu kuuliza kama alipata majibu mazuri au la. Nilirudi nyumbani na kumkuta mama yangu akinichambulia mboga, na kwa mara ya kwanza nilimwona jinsi alivyokonda mabegani.

Siku majibu yalipofika stima ilikuwa imepotea mji mzima tangu asubuhi. Hata taa za korido zilikuwa zimezimika na watu walikuwa vivuli. Karani aliponiona hakutikisa kichwa. Aliinuka akaniambia nimfuate, na njia nzima mpaka mlango wa daktari nilitazama visigino vyake. Daktari alikuwa kijana, pengine umri wangu. Alikuwa amesogeza meza dirishani apate mwanga wa kusomea.

"Si saratani," alisema, hata kabla sijakaa.

Nilimwomba arudie. Akarudia taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ni uvimbe wa kawaida ambao wanawake wengi huupata, hauli mwili, na kwamba mama aje juma linalofuata waamue kama wautoe au wauache. Akaniuliza kama nimeelewa. Nilisema ndiyo, nikamshukuru, nikatoka, nikapita lango la hospitali, nikapita soko, na nilipofika karibu na mto ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesahau mwavuli kule ndani. Sikurudi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa msitu, nami nilikuwa karibu kukimbia, mwanamke mzima mwenye viatu vya kazini.

Nilipoingia langoni nilisikia watu wanazungumza nyuma ya nyumba. Nikafikiri kuna mgeni. Gereji bila stima haichomelei kitu, kwa hiyo nilijua kuwa mume wangu huenda amerudi mapema, lakini angeongea na nani? Nilizunguka pembe ya nyumba nikasimama.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, uso ameuelekeza kwenye ua wa michongoma, mtoto amelala mapajani. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kwenye shimo la moto, mgongo wake ameuelekeza kwa mama. Kati yao palikuwa na pipa, likitoa moshi mwembamba wa buluu ulionyooka.

"Wewe pipa," mama alisema, akiitazama michongoma, "nasikia kuni zako zinalia sana. Funga mdomo kidogo."

Mume wangu akaisogeza ile sahani ya chuma. Akasubiri. Akadondosha maji kwenye kifuniko, akasikiliza. "Pipa limefunga," akaliambia pipa. "Linauliza kama mabua ya miwa yatiwe sasa."

"Bado," mama akaliambia pipa. "Lingoje kwanza ngozi ya kuku ipate rangi."

Walikuwa wamefanya hivyo kwa muda, ilikuwa dhahiri. Sauti zao zilikuwa za watu waliozoeana. Hawakuwa wamevunja chochote. Hakuna aliyemtazama mwenzake, hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nilikuwa na habari kifuani iliyonisukuma, na bado niliwaacha kidogo waendelee, kwa sababu nilitaka kuwaona hivyo wakiwa bado hawajui.

Mama ndiye aliyeniona. Aliniangalia usoni, na mkono wake ukashuka ukamshika mtoto.

Nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Kwamba majibu yametoka. Kwamba si ile tuliyokuwa tukiiogopa. Kwamba ni uvimbe wa kawaida na daktari hana wasiwasi nao. Nikarudia, kwa lugha ya nyumbani safari hii, maana mdomo wa mama ulikuwa wazi kidogo na sikuwa na hakika kama Kiswahili kimemfikia.

Mume wangu aliinuka. Nafikiri alisahau. Aligeuka mzima mzima akamtazama mama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuoane, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ingawa baadaye alidai ni moshi.

"Mama," akasema, "umesikia?"

Mama hakujifunika kwa leso, wala hakugeuka. Alimtazama na yeye.

"Nimesikia, baba," akasema.

Basi. Mume wangu akachuchumaa tena kwa haraka, akaanza kuchokoa moto usiohitaji kuchokolewa, na mama akarudi kuitazama michongoma. Nilikaa chini, pale pale udongoni, na sketi yangu ya kazini. Nilikuwa nimechoka kama niliyebeba gunia la mahindi kutoka Lugari kwa kichwa. Mtoto aliamka akalia, hakuna aliyemkimbilia mara moja. Mama alimwinua tu begani akawa anampigapiga mgongo, polepole sana, akitikisika naye mbele na nyuma.

Radi ilipiga upande wa Isecheno, kule msituni. Mume wangu alilitangazia pipa kwamba mvua haitangoja, na mama akaliambia litie mabua. Yakatiwa. Ile harufu ilipotoka mume wangu alisimama karibu na pua ya pipa amefumba macho, na nilimwacha. Matone ya kwanza yalipoanza kugonga mabati tulifunua kifuniko tukatoa kuku, huyu wa sokoni, na vipande vya nguruwe, tukakimbia navyo, kila mtu upande wake.

Nilimkata kuku barazani. Ngozi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na nyama ilichanika yenyewe kwenye mfupa, mbivu mpaka ndani, bila damu na bila weusi popote. Nilimpelekea mama sahani yenye obusuma, ugali wa kwetu, na paja zima, nikirukaruka kwenye madimbwi. Nikampa mume wangu yake, pamoja na firigisi, kama inavyopasa. Akaonja. Nilimuuliza kama ladha inafanana na alivyodhani. Alisema haifanani hata kidogo. Ile harufu ya Lugari ilikuwa na kitu cha ukale ndani yake, na hii ni mpya. Akasema hii ni afadhali. Akaongeza kipande kingine.

Mvua ilinyesha mpaka giza, na mtaro wetu ukajaa maji. Kesho yake mume wangu angehitaji kuuchimbia kingo, lakini hilo halikumsumbua mtu.

Asubuhi nilitoka kuwasha jiko la chai, nikatazama mlango wa mama. Kila siku alikuwa ameshafagia ua saa hizo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilisogea nikategea sikio, nikasikia anakoroma, mkoromo mzito wa mtu aliyelala fofofo. Mume wangu alitoka na viatu mkononi, akaniuliza kwa ishara ya kidevu kukhu ameamkaje. Nikamwonyesha kwa kiganja shavuni kwamba bado amelala. Alitabasamu. Akatembea pekupeku mpaka langoni, akalifungua kwa kuliinua kidogo ili lisilie, na kule nje barabarani ndipo alipovaa viatu vyake.